Doa Moja Juu, Ramani Mbili

Wandugu, mtauliza mtu wa kilimo anatafuta nini kwenye galaksi. Ngojeni kidogo. Fakulteni tulifundishwa kwamba picha ya shamba kutoka juu haitoshi: ukiona kijani, pengine ni mpunga, pengine ni magugu tu. Lazima ushuke, ushike udongo. Wenye kupima anga nao wako na shida ileile.

Usiku hapa Kabambare umeme hakuna, nyota zinajaa, lakini ninayosema mimi macho hayaoni. Galaksi zinakaa makundi, mamia pamoja, na kati yao iko gesi ya moto wa mamilioni ya digri. Inatoa miali eksi, sawa ile ya kupiga radio ya kifua hospitalini. Hewa ya dunia inaizuia, basi lazima chombo kipande juu yake. Satelite ya kwanza ya kazi hiyo tu ilirushwa Afrika: tarehe 12 Desemba 1970, kwenye jukwaa la Waitalia, San Marco, baharini karibu na Malindi. Siku hiyo Kenya ilisherehekea uhuru, ndiyo maana Wamarekani wakaiita Uhuru. Ndiyo iliyoonyesha kwamba miali ya makundi inatoka eneo pana, si kwa galaksi moja moja.

Ramani ya pili ni ya mikrowevu: mwanga uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, sasa umepoa mpaka karibu digri 270 chini ya sifuri. Ukipita ndani ya gesi ile ya moto, unabadilika kidogo, unaacha doa kama kivuli. Sunyaev na Zeldovich walilieleza jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Utamu uko hapa. Kundi likiwa mbali, miali eksi inafifia. Kivuli hakipungui nguvu kwa umbali. Lakini kivuli kinadanganya. Satelite ya Ulaya, Planck, iliyorushwa 2009, ilipoleta madoa mapya, wakachagua 25 wakayapima kwa miali eksi, kwa chombo XMM-Newton. 21 yalikuwa makundi kweli. Na kati ya hayo, mawili hayakuwa kundi moja: kila doa lilificha makundi matatu! Hapo nilicheka, nikakumbuka kijani cha shambani.

Tena iko hesabu. Gesi ikisongamana mara mbili, miali eksi inazidi mara nne, kivuli mara mbili tu. Ukishajua joto la gesi, tofauti hiyo inakupa unene wa kundi, na kwa unene huo wanapata umbali wake kutoka kwetu.