Kadi ya Kabila na Mlango wa Kazi

Mjini Gisenyi, ukingoni mwa Ziwa Kivu, suala la nani aajiriwe na nani aachwe lina historia nzito. Rais Juvénal Habyarimana, aliyetwaa madaraka Julai 5, 1973, alikuwa mtu wa mkoa huo. Serikali yake iligawa nafasi za shule na kazi kwa kabila na kwa mkoa, mpango ulioitwa iringaniza. Kwa jina ulikuwa wa haki. Kwa vitendo, watu wa Gisenyi na Ruhengeri walijaa katika vyeo vya juu, hasa jeshini, na Mtutsi alikwama kwenye kitambulisho chake, kilichoandikwa kabila tangu enzi ya Wabelgiji. Mwaka 1994 kitambulisho hicho kikawa hati ya kifo vizuizini. Waajiri wanaodhani kuchanganya watu ni kuhesabu vichwa tu, na waukumbuke mgao huo.

Baada ya vita jeshi, ambalo nalo ni mwajiri, lilishika njia nyingine. Marcel Gatsinzi, Mkuu wa Majeshi wa upande ulioshindwa kwa siku chache za Aprili 1994, alipokelewa katika jeshi la washindi, na kuanzia 2002 hadi 2010 alikuwa Waziri wa Ulinzi. Paul Rwarakabije, kamanda wa waasi wa FDLR, alirudi kutoka Kongo Novemba 2003, naye akapewa cheo cha Meja Jenerali. Polisi nao waliundwa mwaka 2000 kwa kuunganisha jandamari, polisi wa komini na wapelelezi. Ninyi ndugu askari mnajua uzito wa kulala hanga moja na mtu aliyekulenga bunduki jana.

Kabila limefutwa katika kitambulisho, lakini lugha yaweza kuchuja watu vilevile. Waliorudi kutoka Uganda walikuja na Kiingereza na Kiswahili. Waliosomea Gisenyi walijua Kifaransa. Mwajiri anayedai Kiingereza fasaha kwa mpakiaji wa makreti amekwisha funga mlango bila kutaja kabila lolote. Aulize kwanza kazi yenyewe yadai nini. Katika kivuko cha Petite Barrière, ambako wachuuzi wengi wanaokwenda Goma ni wanawake, kazi yadai askari wa kike wa kuwapekua, wajuao Kiswahili. Na askari huyo akiwa na mtoto mchanga, mkuu wa kituo na apange zamu yake kabla hajaombwa.