Alianguka mtihani, akashika hazina

Kuanguka mtihani si mwisho wa maisha. Wazazi huyasema maneno hayo kila matokeo yanapotangazwa, lakini Bi Christine Lagarde wa Ufaransa ameyaishi.

Alizaliwa Paris mwaka wa 1956. Baba yake alifariki Christine akiwa bado kijana, na mama, aliyekuwa mwalimu, akabaki na watoto wanne wa kulea. Binti huyo alitamani kuingia ENA, chuo kilichotoa vigogo wa serikali. Alifanya mtihani wa kuingia mara mbili, na mara zote mbili akaanguka.

Hakukata tamaa. Aligeukia uwakili, na mwaka wa 1981 akaajiriwa na kampuni ya mawakili ya Baker & McKenzie. Mwaka wa 1999 akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza, ofisi yake ikiwa Chicago. Wakati huo wanawe wawili walikuwa wangali wavulana wa shule, na ndoa yake na baba yao ilikuwa imevunjika. Amewahi kukiri kwamba mtu hawezi kupata yote kwa wakati mmoja.

Mwaka wa 2007 alikuwa waziri wa fedha wa Ufaransa. 2011 akawa mkuu wa Shirika la Fedha Duniani (IMF). Misukosuko haikuisha. Mwaka wa 2016 mahakama ilimpata na hatia ya uzembe kuhusu fidia aliyolipwa mfanyabiashara alipokuwa waziri, ingawa haikumwadhibu. Hata hivyo, mwaka wa 2019 alikabidhiwa Benki Kuu ya Ulaya.

Basi mzazi, mwanao akileta matokeo mabaya, usimfokee. Keti naye, mtafute njia nyingine.