Nati Haikazwi kwa Hasira

Kabla ya sindimba kuchezwa, ngoma husogezwa motoni. Ngozi hupata joto, hukauka, hujivuta. Mpigaji huijaribu kwa vidole, huirudisha motoni kidogo, huijaribu tena. Ikiwa legevu haitoi sauti, na ikizidishiwa moto hupasuka. Wazee wa uwanda wa Makonde hawakuhitaji kitabu cha fizikia ili kujua kwamba kukaza kuna kiasi. Ujuzi huohuo ndio unaokosekana mara nyingi chini ya miembe na mikorosho tunakopeleka pikipiki zetu kwa mafundi, kuanzia Ndanda na Masasi hadi Newala.

Pikipiki za huku hazina kazi nyepesi. Newala iko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari. Ukisimama ukingoni, pale Shimo la Mungu, unaliona bonde likishuka kuelekea Mto Ruvuma. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi, yenye kilomita zipatazo 210, imekuwa ikiwekewa lami kipande kwa kipande, na njia nyingi za vijijini ni mchanga na changarawe iliyojikunja kama bati. Mtaani tukisema jambo fulani ni mteremko tunamaanisha ni rahisi. Kwa bodaboda anayeshuka kutoka uwandani na abiria mmoja na gunia la korosho, mteremko ndio mtihani wenyewe. Na mtihani huo, kabla haujamfikia dereva, huzifikia boliti.

Wengi wetu huiona boliti kama msumari wenye kichwa cha pembe sita. Sivyo. Boliti ni springi, ila ni springi ngumu mno. Nati ikishagusa chuma na ukaendelea kuizungusha, boliti huvutwa na kurefuka kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Kwa kuwa chuma hutaka kurudia urefu wake, huvibana vipande viwili vishikamane. Mbano huo ndio unaoshika pikipiki isiachane.

Chukua boliti ya kawaida inayofunguliwa kwa spana namba 10, yenye uzi wa kipenyo cha milimita 6. Ikiwa kichwani imeandikwa 8.8, yaani ni ya chuma imara, ikifungwa kwenye chuma hukazwa kwa nyutoni-mita 10 hivi. Kwa spana ya sentimita 12, hiyo ni sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 8 na ushee kwenye ncha ya spana. Mkono mmoja unatosha kabisa. Hata hivyo, nguvu hiyo ndogo hugeuka kuwa mbano wa zaidi ya kilo 800, uzito wa watu wazima zaidi ya kumi.

Sasa fundi ana haraka, au anataka mteja aone kwamba amekaza kweli. Anachomeka bomba kwenye spana, urefu unafika sentimita 36. Mkono uleule sasa unatoa nyutoni-mita 30, ilhali boliti ile huanza kuharibika ikifika 15 hivi. Kamba hukatika pabovu, na boliti hukatika kwenye uzi, mahali chuma kilipo chembamba. Isipokatika, huwa imevutika isirudi tena: kwa nje inaonekana imekaza, kwa ndani uspringi wake umekufa. Kwenye injini hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu kava zake ni za alumini. Alumini ni laini kuliko chuma, hivyo boliti hubaki nzima na uzi wa injini ndio unaoliwa. Nati ya kumwagia oili iliyokazwa kwa ubabe leo ndiyo itakayovujisha oili mwezi ujao.

Kuna jambo jingine linalowadanganya hata mafundi wazoefu. Jasho la fundi haliendi lote kwenye boliti. Karibu nusu huliwa na msuguano chini ya kichwa cha boliti au nati, na sehemu kubwa ya iliyobaki huliwa ndani ya uzi. Kinachobaki kuivuta boliti ni kama sehemu moja ya kumi. Uzi ukijaa vumbi la Masasi au kutu, spana itakuwa nzito mkononi na mbano utakuwa haba. Ukipakwa oili, mkono uleule unaweza kuongeza mbano kwa karibu theluthi moja. Kwa hiyo uzi usafishwe kwanza, ndipo mkono usikilizwe.

Na kwa nini nati hulegea yenyewe? Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwa mashine kwamba mtikisiko mbaya kuliko yote ni ule wa kwenda upande kwa upande. Vipande vilivyofungwa vikiteleza hata kidogo, msuguano unaoishika nati hupotea kwa nukta, nayo hujifungua kidogokidogo. Barabara ya mikunjo hufanya jaribio hilo la Junker kutwa nzima, bila malipo. Dawa ya kwanza ni mbano wa kutosha ili vipande visiteleze. Springi washa, ambayo wengi huiamini, haisaidii sana: mwongozo wa boliti uliotolewa na NASA mwaka 1990 unaeleza kwamba ikishalala bapa haina tofauti na washa ya kawaida. Nati yenye nailoni ndani na pini ya spliti ni walinzi wa kuaminika zaidi.

Kwenye pini hiyo ndipo uhai ulipo. Pikipiki nyingi za biashara zina breki ya shuu nyuma. Sahani inayobeba shuu huzuiwa isizunguke na chuma kirefu kilichofungwa kwenye mkono unaoshika gurudumu. Kila pancha ya nyuma inapozibwa kwa kulitoa gurudumu, chuma hicho hufunguliwa. Kikirudishwa kwa nati ya kukazwa kwa vidole, bila pini, kinaweza kuchomoka. Dereva akikanyaga breki mteremkoni, sahani huzunguka pamoja na gurudumu, huvuta fimbo ya breki, na gurudumu hujifunga ghafla. Abiria atasema breki imegoma. Kilichogoma ni pini ya bei ndogo.

Basi ukitoka kwa fundi, usiangalie pikipiki iliyooshwa ikang'aa. Inama. Tazama nati ya ekseli na ya chuma cha breki, kama pini zipo na zimekunjwa. Chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kinachoigusa. Mstari ukivunjika, nati imetembea. Kagua tena baada ya safari ya kwanza. Na vijiwe vya bodaboda, ambavyo vina michango ya misiba na ya faini, vichangie spana moja ya kipimo, ile inayopima nguvu ya kukaza, itumike kwa zamu. Ndanda si ngeni kwa ufundi; misheni ya Wabenediktini iliyoanza hapo mwaka 1906 ilikua pamoja na karakana zake. Fundi bora si yule anayekaza mpaka spana ilie. Ni yule anayejua pa kuachia.