Kutoka Tani Moja Hadi Ukucha: Mabingwa wa Kuhifadhi Data

Ndani ya kila kompyuta kuna ghala, na kwa miaka 70 sasa maghala hayo yanagombea mataji: uzito, kasi, bei, ujazo, uimara. Mashindano haya yana mabingwa wa kutisha. Nimewapanga kwa namba, lakini taji kubwa liko namba 7. Mwenye laptopu inayosuasua na aruke huko moja kwa moja, kisha arudi juu akishatulia.

1. Nzito kuliko zote

Septemba 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza RAMAC, kompyuta ya kwanza ya biashara kutumia diski. Diski yenyewe, IBM 350, ilikuwa kabati lenye kimo cha sentimita 173 na urefu wa sentimita 152, na ndani yake sahani 50 za alumini, kila moja na kipenyo cha sentimita 61. Uzito wake ulizidi tani moja. Mfumo mzima ulikodishwa kwa dola 3,200 kwa mwezi.

Na ujazo? Herufi milioni 5. Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu 5,383,728. Gawa herufi moja moja kwa kila mkazi, na watu 383,728 watarudi nyumbani mikono mitupu!

2. Mbio za sahani

Diski ya kizamani ni sahani inayozunguka na kichwa kinachosoma sumaku juu yake, kwa hiyo kasi yake tunaweza kuipima kama ya gari. Ukingo wa sahani za RAMAC, zilizozunguka mara 1,200 kwa dakika, ulikimbia kilomita 138 kwa saa. Diski ya kompyuta ya mezani ya mizunguko 7,200, yenye sahani ya milimita 95, inakimbia kilomita 129. Zote mbili zinaiacha nyuma Madaraka Express ya Mombasa hadi Nairobi, ambayo kikomo chake ni 120, na zote zinaachwa na treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma inayofika 160.

Mnyonge wa kundi ni diski ya laptopu. Sahani yake ya milimita 65, ikizunguka mara 5,400 kwa dakika, inaambulia kilomita 66 kwa saa. Basi la abiria lililofungiwa kidhibiti mwendo cha 80 linaipita bila jasho.

Kwa kuhesabu mizunguko peke yake, taji ni la Seagate Cheetah X15 ya mwaka 2000, diski ya kwanza kufikisha mizunguko 15,000 kwa dakika, yaani 250 kila sekunde. Hapo ndipo mbio za sahani zilipogota. Mshindi aliyefuata hakuzunguka kabisa.

3. Ghali kuliko zote

Mwaka 1978 kampuni ya StorageTek iliuza STC 4305, ghala la chipu tupu lisilo na sahani hata moja, aina ambayo leo tunaiita SSD. Lilibeba megabaiti 45, na bei yake ilikuwa dola 400,000. Piga hesabu: karibu dola 8,900 kwa kila megabaiti. Kwa bei hiyo, SSD ya terabaiti 1 unayoweza kuifunga leo kwenye laptopu ingegharimu dola bilioni 8.9. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, la megawati 2,115, limejengwa kwa takriban dola bilioni 2.9. SSD moja, mabwawa matatu, na chenji inabaki!

Aliyeuangusha mnara huo wa bei ni mhandisi Mjapani, Fujio Masuoka wa Toshiba. Mwaka 1984 aliwasilisha kumbukumbu ya flashi, na mwaka 1987 aina yake ya NAND, ambayo haisahau kilichoandikwa hata umeme ukikatika. SSD zote tunazonunua leo ni wajukuu wa kazi hiyo. Kufikia 1991 kampuni ambayo sasa inaitwa SanDisk iliuza SSD ya megabaiti 20 kwa takriban dola 1,000, sawa na dola 50 kwa megabaiti. Bado ni ghali, lakini katika miaka 13 bei ilikuwa imegawanywa kwa 178.

4. Ndogo kuliko zote kwa ilichobeba

Kadi ya microSD ina milimita 15 kwa 11, na unene wa milimita 1. Inakaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Mwaka 2019 kadi hiyo ilifikisha terabaiti 1.

Tukihesabu baiti moja kwa kila herufi, kubeba ujazo huo kwa RAMAC kungehitaji makabati 200,000, yaani zaidi ya tani 200,000. Pakia kwenye malori ya kubeba tani 30, utahitaji malori zaidi ya 6,600. Madereva wa mpaka wa Tunduma wanaijua foleni. Hii ingeanzia mpakani na kufika Mbeya mjini, kilomita zaidi ya 100, lori likigusa lori. Kwa ajili ya kadi inayopotea mfukoni.

5. Yenye tumbo kubwa kuliko zote

Mwaka 2018 Nimbus Data ilitoa ExaDrive DC100, SSD ya terabaiti 100 yenye umbo la diski ya kawaida ya mezani, kwa dola 40,000. Ilikaa kileleni kwa miaka. Novemba 2024 Solidigm ikatangaza D5-P5336 ya terabaiti 122.88, kubwa kuliko zote wakati huo.

Tanzania ilihesabiwa kuwa na watu 61,741,120 mwaka 2022. Mpige picha kila mmoja wao, kuanzia kichanga cha Kigoma hadi bibi wa Pemba, kila picha na karibu megabaiti 2, ubora wa kutosha kuiweka ukutani. Picha zote zitaingia kwenye kifaa hicho kimoja unachokishika kwa mkono mmoja.

6. Yenye kasi kuliko zote

Sasa twende Uwanja wa Benjamin Mkapa, watu 60,000, umejaa. Swali ni moja: kwa sekunde moja, kila mtazamaji anapata kurasa ngapi za maandishi, tukihesabu herufi 2,000 kwa ukurasa?

Diski ya laptopu inayosoma megabaiti 100 kwa sekunde haimmalizii mtu hata ukurasa mmoja. SSD ya SATA, mfumo wa zamani wa kuunganisha ghala na kompyuta, kwa megabaiti 550, inampa kurasa nne na nusu. SSD ya NVMe, mfumo mpya zaidi, ya kizazi cha tatu, megabaiti 3,500, kurasa 29. Samsung 990 Pro ya kizazi cha nne, megabaiti 7,450, kurasa 62. Na mmoja wa mabingwa wa kizazi cha tano kwenye kompyuta za kawaida, WD_BLACK SN8100 ya mwaka 2025, anasoma megabaiti 14,900: kila mtu uwanjani anaondoka na kitabu cha kurasa 124. Kwa sekunde moja!

Siri mojawapo ya NVMe ni foleni. Mfumo wa zamani wa SATA una foleni moja ya maombi 32, ambayo haijazi hata matatu ya viti 33. NVMe, iliyotolewa Machi 2011, inaruhusu foleni zaidi ya 65,000, na kila moja maombi zaidi ya 65,000. Kila kiti cha Mkapa kingekuwa na foleni yake, na kila foleni ingejaza Mkapa nyingine.

7. Mruko mkubwa kuliko yote

Hili ndilo taji lenyewe, na mabingwa wa namba 6 hawalipati. Linaenda kwa SSD ya kawaida kabisa ya SATA, ile ya bei ya chini dukani, siku inapoingia mahali pa diski ya kuzunguka.

Sababu ni kwamba kompyuta inapowaka haisomi faili moja kubwa. Inasoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na diski hulazimika kukisogeza kichwa chake kila mara, kisha kusubiri sahani ilete sehemu inayotakiwa. Kwa diski ya laptopu kila kipande huchukua takriban milisekunde 17. Kwa SSD ni sehemu ndogo sana ya milisekunde moja. Ukubwa wa tofauti hiyo ni huu: kama SSD nzuri ingechukua dakika 5 kuleta kitu, diski ingechukua kutwa kucha.

Tuwape kazi. Zanzibar ilikuwa na watu 1,889,773 mwaka 2022. Waite wote bandarini, kila mmoja ahudumiwe kwa ombi moja dogo. Hata diski ya kasi zaidi, inayoweza maombi 80 kwa sekunde, itamaliza baada ya saa 6 na nusu. SSD ya SATA kama Samsung 870 EVO, ambayo hufikia maombi 98,000 kwa sekunde yakipangwa kwa wingi, itamaliza kwa sekunde 19 na ushei. SSD za kizazi cha tano, zenye maombi zaidi ya milioni 2, hazitatimiza hata sekunde.

Angalia vizuri hesabu hiyo. Kutoka diski hadi SATA umeokoa saa 6 na nusu. Kutoka SATA hadi bingwa wa dunia umeokoa sekunde 18 na ushei. Mwenye pesa na anunue bingwa, hasa anayehariri video, maana yeye kweli anahamisha mafaili makubwa kutwa nzima. Kwa anayeandika barua, anayefanya mahesabu ya duka na kufungua kurasa za intaneti, mruko mkubwa umeshatokea zamani, kwenye hatua ya kwanza.

Na hatua yenyewe ni fupi kuliko watu wanavyoiogopa. Kwenye laptopu nyingi za mwaka 2010 hadi 2015 unahifadhi nakala ya mafaili yako kwanza, unazima, unatoa betri, unafungua mfuniko wa chini kwa bisibisi ya nyota. Diski imekaa kwenye fremu ya bati iliyobanwa kwa skrubu nne. Unaivuta pembeni, siyo juu, mpaka iachie plagi yake yenye miguu 22. SSD inaingia kwenye plagi ileile. Ukiona inachezacheza usishangae: diski nyingi za zamani zina unene wa milimita 9.5 na SSD ina 7, kwa hiyo baadhi huuzwa na fremu ya plastiki ya kujaza milimita 2.5 zilizobaki. Kuhamisha data, fundi anaikloni diski ya zamani kwa waya wa USB, au anasakinisha upya.

Kwa mashine mpya zaidi kuna M.2, kijikadi cha milimita 22 kwa 80. Kinaingia kimeinama, kinainuka chenyewe kama ulimi, unakilaza na kukibana kwa skrubu moja ndogo sana. Ikidondoka kwenye zulia umekwisha. Kagua pengo kwenye meno yake kabla ya kulipa. Mara nyingi SSD ya M.2 ya SATA ina mapengo mawili na ya NVMe ina moja, na laptopu nyingine hukubali aina moja tu. Tena, kizazi cha tano kikiwekwa kwenye nafasi ya kizazi cha tatu kitasoma megabaiti 3,500 zilezile, utakuwa umelipia kitabu cha kurasa 124 upate cha 29.

8. Sugu kuliko zote

Chembe za SSD huchakaa kadiri zinavyoandikwa, na hofu hiyo imewazuia wengi kununua. Kati ya 2013 na 2015 tovuti ya The Tech Report ilichukua SSD sita na kuziandika mfululizo mpaka zife. Zote zilivuka terabaiti 700. Ya mwisho kukata roho, Samsung 840 Pro ya gigabaiti 256, iliandikwa petabaiti 2.4.

Mtumiaji anayeandika gigabaiti 20 kila siku, ambayo si haba, angehitaji miaka 328 kufika hapo. Waomani waliichukua Fort Jesus kutoka kwa Wareno Desemba 1698. Askari wao angeanza kuandika asubuhi ile, na leo asingekuwa amemaliza!

9. Mwongo mkubwa kuliko wote

Taji la aibu linakwenda kwa kile kinachouzwa kama SSD ya nje ya terabaiti 16 kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Waliofungua baadhi ya vifaa hivyo walikuta kadi ya microSD ya gigabaiti 64 iliyobandikwa kwa gundi, na programu ya ndani iliyochezewa ili kompyuta isome terabaiti 16. Ukubwa uliotangazwa ni mara 250 ya uliopo. Ni sawa na kuuziwa tiketi 60,000 za uwanja wenye viti 240.

Ubaya wa mwongo huyu ni kwamba halalamiki. Ukimpa faili la ziada analipokea, anaandika juu ya la zamani, na jina la faili linabaki kwenye orodha kana kwamba lipo. Unagundua siku unayotaka kufungua picha za harusi. Programu za bure za H2testw na F3 huijaza SSD hadi mwisho kisha huisoma upya neno kwa neno, na mwongo hukamatwa hapohapo. Mjaribu siku uliyomnunua, risiti ikiwa bado mkononi, kabla hujamkabidhi faili hata moja.