Bei ya kipande kuwa ndogo haiseme mfuko ni rahisi

Juzi mdogo wangu anayesoma Dar es Salaam alinitumia picha ya jedwali la bei za UTT AMIS, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya Tanzania. Akauliza: «Yaya, ninunue ule wa bei ya chini kabisa, si ndiyo?» Pesa yenyewe ilikuwa ya minervali. Mimi ni agronomu, siyo mutu wa benki. Ilibidi nisome kwanza mbele ya kumujibu.

Mfuko wa pamoja uko kama kikundi cha walimaji. Tuseme mahindi na pesa ya kikundi ni dola 5 050, deni ni dola 50, mafungu ni 500. Toa deni, gawanya: kila fungu ni dola 10. Mfuko nao unafanya vile vile: mali yote, toa deni, gawanya kwa hesabu ya vipande. Hiyo ndiyo thamani halisi ya kipande.

Basi, shilingi 100 000 inanunua vipande 1 000 vya shilingi 100, ao vipande 100 vya shilingi 1 000. Mifuko yote miwili ikipanda asilimia 5, pande zote uko na 105 000. Kitu cha kuangalia ni namna bei ilitembea mwaka mzima, na mali gani iko ndani: hisa zinapanda na kushuka, hati fungani kwa kawaida zinatulia zaidi.

Tena kuna safu mbili: bei ya kuuza na bei ya kununua. Hapa wengi tunapotea, juu anayeuza na kununua ni mfuko, siyo wewe. Bei ya kuuza ndiyo unalipa ukiingia. Bei ya kununua ndiyo unapewa ukitoka. Kama moja ni 1 000 na ingine 990, ukiingia na kutoka siku ile ile, kwa kila milioni unaacha 10 000.

Mdogo wangu atalipa minervali kisha miezi tatu. Nilimujibu: «Pesa hiyo isiende kwenye hisa. Tafuta mfuko ambamo bei zile mbili ziko sawa. Ya kukaa miaka, tutazungumza ukianza kazi.»

Uko na ndugu ng'ambo ya Ziwa Tanganyika? Mutumie hii mbele hajanunua.