Mende Nyumbani: Tuwamalize Bila Kuwadhuru Watoto

Leo tunazungumza kuhusu mende.

Ukiwasha taa usiku na kuona mende wawili watatu wakikimbilia nyuma ya kabati, jua kwamba wengi zaidi wamejificha. Mende hutoka chooni na kwenye takataka, kisha hutembea juu ya sahani na chakula, akiacha viini vya kuhara. Kinyesi chake na ngozi anayojivua huweza kumzidishia pumu mtoto aliye nayo.

Wengi wetu hukimbilia dawa. Mama mmoja alinunua sokoni dawa isiyo na jina, ikiwa ndani ya chupa ya soda, akaiweka chini ya meza. Mtoto wake wa miaka miwili akainywa. Alifikishwa kwetu akitokwa na mate na jasho, akipumua kwa shida. Tulimkimbiza hospitali, na tunashukuru Mungu alipona. Lakini mende walibaki palepale.

Kwa nini? Jike wa mende mdogo wa jikoni hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40. Dawa huua walio mbele yako, kisha mayai yakianguliwa unaanza upya. Kwa hivyo, mama, fanya haya kwanza:

1. Mnyime maji. Mende huweza kukaa karibu mwezi mzima bila chakula, lakini bila maji hamalizi wiki mbili. Kila jioni mwaga maji ya vyombo, kausha beseni, na funika ndoo na mitungi.

2. Mnyime chakula. Osha sufuria usiku huohuo. Weka unga na sukari kwenye mikebe yenye vifuniko. Fagia chini ya jiko na utoe takataka nje.

3. Mnyime maficho. Tupa katoni na magazeti ya zamani. Ziba nyufa kwa simiti. Kagua kabati au friji kuukuu kabla ya kuiingiza nyumbani.

4. Shirikiana na majirani. Kwenye ploti, mende hupita ukutani. Safisheni nyumba zote siku moja.

Ukilazimika kutumia dawa, nunua iliyo na lebo na nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali ya kusimamia dawa za wadudu. Fuata maagizo, funika chakula, toa watoto nje, na fungua madirisha. Kamwe usiihamishie kwenye chupa ya kinywaji. Chaki ya mende pia ni sumu, na mtoto hudhani ni ya kuandikia.

Mtoto akimeza dawa, usimlazimishe kutapika wala usimpe maziwa. Mvue nguo zilizolowa, muoshe kwa sabuni na maji, kisha mkimbize hospitali mara moja. Beba chupa ya dawa ili daktari aione.

Anza leo jioni na beseni la vyombo.