Kuchagua Programu ya Kusanifu Saketi

Kabla ya kompyuta kuenea, njia za shaba za bao la saketi zilisanifiwa kwa mkono. Utepe mweusi ulibandikwa juu ya karatasi angavu, kisha ukapigwa picha. Kosa moja liliweza kuharibu kazi ya siku nyingi. Leo kazi hiyo hufanywa kwa programu, lakini limezuka swali jipya: ichaguliwe programu ipi?

Aghalabu programu hizo hufanya kazi tatu. Kwanza, huchora saketi kwa alama za rezista, kapasita na transista. Pili, hupanga vipande hivyo na njia za shaba juu ya bao, na kukagua kama nafasi kati ya njia inatosha. Tatu, hutoa mafaili ya Gerber ambayo kiwanda huyatumia kutengenezea bao. Baadhi huweza pia kuiga mwenendo wa saketi kwa mbinu ya SPICE, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1970.

Bei siyo kipimo pekee cha uchaguzi. Programu ya EAGLE ilitolewa na kampuni ya CadSoft ya Ujerumani mwaka 1988, na toleo lake la bure likapendwa na wanafunzi wengi. Mwaka 2016 ilinunuliwa na Autodesk ya Marekani. Mwaka uliofuata leseni za kudumu zikaondolewa, pakawekwa malipo ya muda. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilitangaza kwamba EAGLE ingekoma tarehe 7 Juni, 2026. Michoro ya miaka mingi ikawa hatarini kukosa mlango wa kufunguliwa.

KiCad ina historia nyingine. Ilianzishwa na Jean-Pierre Charras wa Ufaransa mwaka 1992, na tangu 2013 kituo cha utafiti cha CERN kimechangia maendeleo yake. Haidai malipo, na msimbo wake uko wazi kwa wote. Toleo la 5, la mwaka 2018, liliweza kusoma michoro ya EAGLE.

Basi, kabla ya kuchagua, shule haina budi kujiuliza: Je, programu itafanya kazi pasipo intaneti? Je, michoro yake yaweza kufunguliwa kwa programu nyingine? Je, vipande vinavyopatikana madukani vimo katika maktaba yake?

Baada ya hapo, wanafunzi na wajaribu saketi ndogo ya kuwasha na kuzima taa. Wachapishe mchoro wa bao karatasini kwa ukubwa wake halisi, waweke vipande juu yake, na kuhakikisha kwamba kila mguu unaangukia tundu lake. Karatasi ikiharibika, hasara ni ndogo. Bao likiharibika, fedha zimepotea.